Muulize Babu Spana: Prado mpya, GX, VX au ZX?

*Shikamoo Babu Spana. Mimi ni mkulima wa parachichi hapa Njombe. Msimu umetulipa, na mume wangu amekubali tuagize Prado mpya kutoka Japani, ile iliyotoka 2024. Nyumbani tuko sita: sisi wawili, watoto watatu na mama mkwe. Barabara ya shambani ni udongo mwekundu, na ikinyesha hata dereva wa trekta huanza kusali. Wakala ametutumia picha za GX, VX na ZX, tena VX iko ya petroli na ya dizeli. Yeye anasisitiza ZX kwa sababu "ina kila kitu". Shemeji naye anasema VX ndiyo shangingi la wakubwa, tusiiache. Tuchukue ipi?*
Mama Parachichi, Njombe

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mavuno. Shemeji mwambie kwa upole kwamba VX anayoiwaza yeye ni Land Cruiser kubwa, ile ya misafara. Ya kwenu ni mdogo wake, na hizo herufi ni daraja tu la vifaa. Toyota waliizindua Agosti 2023 kwa jina la Land Cruiser 250, na kwa soko la Japani wakaliacha kabisa jina la Prado. Sisi tutaendelea kuiita Prado, nani atatuzuia? Zile TX na TZ-G mlizozoea kwenye Prado iliyopita, ile 150, hazipo tena. Sasa GX iko chini, VX katikati, ZX juu.

Bei za Japani gari lilipoanza kuuzwa Aprili 2024 zilikuwa hivi: GX yeni 5,200,000, VX ya petroli 5,450,000, VX ya dizeli 6,300,000, na ZX 7,350,000. Ya mnadani msitegemee iwe rahisi zaidi ya hapo, maana gari lilipotoka, foleni ya kusubiri mpya kule kwao ilikuwa ndefu na watu walilipa ziada ili wasisubiri. Lakini ziangalieni tena hizo namba. GX, ambayo huko Japani ni ya dizeli tu, ilikuwa rahisi kuliko VX ya petroli! Mngekuwa watano ningemaliza barua hapa hapa: chukueni GX, siti za kitambaa, hakuna mbwembwe. Ila GX ina siti tano, na mama mkwe hawezi kubebwa kwenye buti. Mnabaki na VX au ZX, zote za watu saba.

Tuje kwenye "kila kitu" cha wakala. Sehemu kubwa iko ndani. Siti za ZX ni ngozi halisi, za VX ni ngozi bandia. Mtu anayepanda gari na buti zenye tope mimi humshauri bandia, unapangusa na tambara bichi umemaliza. Mambo ya taa na vioo vya saa siyasemi, hayo ni ya kumringia jirani.

Kilicho chini ya gari ndicho kinachostahili mjadala, na hapo wakala hasemi uongo. ZX inatoka kiwandani na kitufe cha kufunga difu ya nyuma, ili tairi zote mbili za nyuma zizunguke pamoja. Prado zote hizi zinavuta tairi nne muda wote, zina gia ya chini ya kupandia mlima, na difu ya katikati inafungika. Lakini tairi moja ya nyuma ikiingia kwenye tope laini ikazunguka bure, mwenzake hukaa anatazama. Kompyuta hujaribu kuikamata kwa breki ile inayozunguka, na mara nyingi inafaulu. Udongo mwekundu ukishaloa na breki hizo zikashindwa, ni kufunga difu ndiko kunakukwamua. ZX pia ina kitufe cha kuachia stabilaiza ya mbele, ule ufito wa chuma unaounganisha tairi za kushoto na kulia ili gari lisilale kwenye kona. Ukiuachia, tairi moja inaweza kushuka kwenye korongo huku nyingine iko juu ya jiwe, na zote mbili zinagusa ardhi. Kifaa kizuri sana. Kwa barabara yenu hamtakihitaji. Tatizo lenu ni utelezi, mawe hamna.

Na hapa ndipo ninapogombana na waliopanga madaraja haya. Gari lile lile lililopewa difu ya kufunga ndilo walilolivisha rimu za inchi 20, tairi saizi 265/60. VX imekuja na inchi 18, saizi 265/65. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Kwa hesabu ya kalamu, ubavu wa tairi ya ZX una milimita 159, wa VX milimita 172. Mtaniambia milimita 13 ni nini, na kweli si nyingi. Shida yangu ni siku tairi itakapochanika Makambako jioni. Rimu ya 18 ina saizi ya jirani, 265/60 ya inchi 18, ambayo Prado zilizopita zilivaa, kwa hiyo utapata hata iliyotumika ya kukufikisha nyumbani. Ya inchi 20 utaisubiri ije na basi kutoka Dar es Salaam, nawe umelala gesti.

Petroli au dizeli? Injini ya petroli ni cc 2,700, mafundi wetu wanaijua wakiwa wamefumba macho: imo kwenye Hiace, imo kwenye Hilux, imo kwenye Prado tangu enzi. Haina tabo, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini, haina mambo mengi. Nguvu zake ni farasi 163 na mvuto wa Nm 246. Ya dizeli ni cc 2,800 yenye tabo, farasi 204, mvuto wa Nm 500, yaani zaidi ya mara mbili, tena na gia nane badala ya sita. Gari lenyewe lina uzito wa zaidi ya tani mbili hata kabla mama mkwe hajapanda na magunia yake. Ongeza na hili: Njombe iko kama mita 2,000 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, hivyo nyumbani kwenu hiyo ya petroli imeshaacha karibu moja ya tano ya farasi zake njiani. Mlima Kitonga utaupanda, ndiyo, lakini injini ikipiga kelele na malori ya Tunduma yakikupumulia nyuma. Yenye tabo haiogopi sana hewa nyepesi.

Mafuta nayo: kwa kipimo cha Japani dizeli inakwenda kilomita 11 kwa lita, petroli 7.5. Tangi ni lita 80. Kwenye barabara zetu punguza hizo namba, lakini uwiano wenyewe hautabadilika. Dar hadi Njombe ni kama kilomita 700. Ya dizeli inaweza kufika bila kujaza, ya petroli haiwezi. Na asije mtu akawaambia petroli ina nafuu ya ushuru kwa sababu injini ni ndogo. Zote mbili zimevuka cc 2,000, TRA wanaziweka kapu moja. Kinachobadilika ni thamani ya gari.

Ila dizeli ya Japani ina masharti, na mawakala huyaruka. Kwanza ina chujio la masizi kwenye moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari likiwa limepata moto wa kutosha, safari ndefu ya mwendo wa haraka. Ukiligeuza gari la kwenda sokoni na kurudi, kilomita tatu tatu, litaziba. Kila wiki mbili tatu litoeni hadi Makambako na kurudi bila kulibembeleza. Pili linatumia AdBlue, maji yenye urea yanayojazwa kwenye tangi lake dogo la pembeni. Taa ikiwaka jaza. Yakiisha kabisa ukazima injini, haitawaka tena. Nunueni madumu mawili ya akiba Dar mkaweke stoo, na mfundisheni kila anayeliendesha kwamba hayo hayamwagwi kwenye tangi la dizeli. Tatu, kuna vijana watakuja na ofa ya kukata masega ya kusafisha moshi pamoja na chujio ili "gari lipumue". Wafukuzeni. Na dizeli jazeni kituo kikubwa chenye magari mengi, si ya madumu ya barabarani.

Hukumu yangu ni VX ya dizeli. Tofauti yake na ZX kwa bei hizo za mwanzo ilikuwa yeni 1,050,000. Chukueni kipande kidogo cha hiyo mnunue tairi nne za meno za inchi 18 na waya mzuri wa kuvutia, kinachobaki kikanunue miche. Kabla hamjalipa, mwambieni wakala atume picha ya karatasi ya mnada na kibati cha chasisi. Namba ikianza na GDJ250 ni dizeli, TRJ250 ni petroli. Hapo hakuna porojo. Mwambieni pia apige picha vitufe vilivyo karibu na gia. Akidai VX yake ina difu ya kufunga, kitufe kitaonekana. Kama kipo, mshukuruni Mungu mlipe haraka.

*Shikamoo Babu. Niko Minneapolis, Marekani, mwaka wa kumi na tano sasa. Land Cruiser mpya ya huku ina daraja linaloitwa 1958 na lingine linaloitwa Land Cruiser tu, tofauti kama dola 6,000. Nataka nitumie miaka michache kisha nirudi nayo Tanga. Ipi itanifaa?*
Mzee Mtarajiwa, Minneapolis

Marahaba. Kwa huko uliko, 1958. Ilianza kwa dola 55,950 kabla ya gharama za kuifikisha dukani, na ile nyingine 61,950. Jina ni mwaka ambao Land Cruiser zilianza kuuzwa Marekani, ndiyo maana wakaipa taa za mviringo. Injini ni moja kwa zote: petroli ya cc 2,400 yenye tabo ikisaidiwa na mota ya umeme, farasi 326. Na tofauti na Japani, huko hata ya bei ya chini imepewa difu ya nyuma ya kufunga. Inachokosa ni kuachia stabilaiza, kioo kikubwa cha dashibodi na siti za ngozi bandia. Za kitambaa zinapashwa moto, na kwa baridi ya Minnesota hilo ndilo la muhimu.

Kurudi nayo Tanga sikushauri. Usukani uko kushoto, nasi tunapita kushoto. Kila ukitaka kulipita lori itabidi mkeo aliye kulia ndiye akuchungulie mbele, na ndoa zimevunjika kwa madogo zaidi. Kisha kuna betri ya haibridi iliyokaa nyuma, ndiyo imekula nafasi ya siti za mstari wa tatu. Siku ikilalamika, fundi wa kuifungua utamtafuta mbali na Tanga. Iuze huko huko, Land Cruiser haishuki bei haraka, uje ununue hapa.

*Babu mambo. Nina Prado 150 ya 2017, dizeli. Naitamani 250. Je, nitaona tofauti? Naishi Sinza.*
Kijana wa Sinza

Siku hizi shikamoo imekuwa "mambo"? Poa, kijana.

Kwenye injini utaiona. Dizeli ya yako inatoa farasi 177 na Nm 450. Lakini Toyota waliipandisha hadi 204 na 500 tangu Agosti 2020, gari likiwa bado ni 150. Kwa hiyo 150 ya kuanzia hapo ina nguvu sawa na mpya, gia zikiwa sita, na itakugharimu pungufu kuliko 250. Faida nyingine ya 250 ni chasisi mpya, ndugu ya Land Cruiser 300, usukani wa umeme usiovuja oili, na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. 

Lakini yako ina upana wa milimita 1,885 na VX mpya ni 1,980, bila kuhesabu vioo vya pembeni. Urefu umeongezeka sentimita 10 au zaidi. Nazijua geti za Sinza. Kapime lako kwa futi kamba vioo vikiwa vimefunguliwa, na ukikuta halipiti, anza na fundi mwashi ndipo uongee na wakala.