Kamera ya Kwanza ya Video: Anza na Sauti

Anayenunua kamera ya video kwa mara ya kwanza huvutwa na tarakimu kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Mimi, baada ya miaka mingi ya kurekodi sherehe na mazungumzo ya familia, ninamshauri atafute kwanza kitu ambacho wauzaji hukitaja kwa nadra, nacho ni tundu la maikrofoni la milimita 3.5 na, ikiwezekana, tundu la pili la hedifoni. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini maneno ya bibi yaliyomezwa na upepo ni vigumu mno kuyaokoa. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera iko mbali na msemaji na karibu na vidole vya mpigapicha, hivyo hunasa mikwaruzo kabla ya kunasa hadithi. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo huondoa tatizo hilo, nazo hedifoni hukujulisha dosari wakati bado unaweza kuirekebisha.

Kuhusu zumu, yaani uwezo wa kukuza kitu kilicho mbali, hesabu ile inayofanywa na lenzi yenyewe. Zumu ya kidijitali hukuza tu sehemu ya picha iliyokwisha kunaswa, kwa hiyo ninapendekeza uizime kabisa. Kumbuka pia kwamba kadiri unavyovuta kitu karibu, ndivyo mtikisiko wa mkono unavyoonekana zaidi, na hapo stendi ya miguu mitatu haina mbadala.

Kamera nyingi hukupa viwango viwili vya ukali wa picha, Full HD na 4K. Picha ya 4K ina nukta mara 4 ya zile za Full HD, na inapendeza kweli, ila ina gharama zake. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde (biti 8 ni baiti moja) hujaza takriban gigabaiti 45 kwa saa, ilhali ile inayorekodi Full HD kwa megabiti 24 hutumia karibu 11. Kadi ya kumbukumbu yenye alama ya V30, inayohakikisha kasi ya kuandika isiyopungua megabaiti 30 kwa sekunde, inatosha kwa zote mbili. Kompyuta ya zamani, hata hivyo, inaweza kulemewa na 4K. Kwa video za nyumbani, Full HD bado ni chaguo la busara.

Kabla ya kuhariri, nakili kila kitu mahali pawili tofauti, na usiifute kadi mpaka uwe umezifungua nakala zote mbili na kuziona zikicheza. Kisha tazama vipande vyote bila kukata chochote, ukiandika pembeni dakika ambazo mtu amecheka, amekatiza au amenyamaza. Kati ya programu za kuhariri video, DaVinci Resolve ina toleo la bure, nazo Kdenlive na Shotcut ni za bure kabisa. Kwa anayeanza, yoyote kati ya hizo inafaa. Mbinu ninayoithamini kuliko zote ni kuacha sauti ya msemaji iendelee huku picha ikihamia kwenye mikono yake au nyuso za wanaomsikiliza, kwa sababu hukuwezesha kufupisha maelezo marefu bila picha kuruka. Muziki, ukiuweka, ushushe hadi kila neno lisikike kwa urahisi.

Ukimaliza, hifadhi video iliyohaririwa kama faili la aina ya MP4, lakini usifute vipande vya awali. Vipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi na tarehe, ili kompyuta ivipange kwa mfuatano wa matukio.