Muulize Ami: Nimezoea jukwaa, sasa nataka kuandika za TV

SWALI: Shikamoo Ami. Naigiza jukwaani mwaka wa 11 sasa, nyingi ni zile setibuku (vitabu vya fasihi vya mtihani) tunazungusha mashuleni, na Little Theatre mara mojamoja. Nina stori yangu ya familia ya Kibokoni, Mombasa, wanagombania nyumba ya marehemu babu yao, kuna kampuni imeipenda wanataka niwaandikie episodi 13, lakini mkataba unasema wakishanilipa kila kitu ni chao na mimi nilitaka niwe prodyuza pia. Tena wanasema naandika maneno mengi. Nifanyeje?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la maneno mengi wamekwambia kweli, usinune. Jukwaani kuna mtu wa safu ya nyuma asiyeiona sura yako, kwa hivo ukikasirika lazima useme, tena kwa sauti. Kamera iko usoni, jicho likicheza tu mambo yamekwisha. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, na kipindi cha nusu saa ukitoa matangazo unabaki na dakika ishirini na kitu, hakuna nafasi ya ile hotuba ndefu ya baba mtu (na najua umeiandika, nyie watu wa jukwaa hamjizuii).

Uprodyuza nao unaanzia hapohapo kwa kalamu. Jukwaani feri ya Likoni ni mabenchi mawili na mtu wa kupiga honi kwa mdomo. Kwa TV ukiandika "wanagombana ndani ya feri" ushamwaga pesa, utake leseni ya bodi ya filamu, ruhusa ya wenye feri, injini inameza sauti na abiria wote wanakodolea kamera. Prodyuza anauhamishia barazani, ugomvi ni uleule.

Sasa huo mkataba, usisaini ulivyo. Sheria yetu ya Kenya ya hakimiliki ya 2001 inasema kazi ya kuagizwa haki zinaenda kwa aliyeagiza mpaka muwe mmeandikiana vingine, kwa hivo ukinyamaza umetoa. Stori ulikuwa nayo kabla yao, basi kaisajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, kwanza, si lazima lakini hicho cheti kitakufaa mkianza kuvutana. Yuko Michaela Coel, binti wa wazazi Waghana huko London, mchezo wake wa jukwaani wa mtu mmoja wa 2012 ukawa kipindi cha TV 2015. Baadaye Netflix wakamwekea dola milioni moja kwa stori nyingine, akakataa sababu hawakutaka kumwachia hata asilimia 5 ya haki, akaenda BBC akaandika, akaigiza na uprodyuza akashika, 2021 akachukua Emmy ya uandishi.

Najua kodi ya nyumba haingojei na wewe milioni hujawekewa. Basi usidai yote, dai jina lako litajwe kama mwenye stori, uprodyuza mwenza hata kama mshahara wake mdogo maana ndipo utajifunza bajeti, kitu kidogo kila wakikiuza kwengine, na msimu wa pili waanze na wewe. Mpe wakili ausome, msomi wa mtaani hapana. Wakikataa vyote vinne chukua stori yako urudi zako, na setibuku usiziache kwa sasa.

Halafu hiyo nyumba ya Kibokoni, hati anayo nani? Hujaniambia.