Nimechoka na shifti za usiku, je cheti cha CMA kinalipa?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa sita sasa, nafanya CNA (msaidizi wa manesi) usiku kwenye nyumba ya wazee. Mgongo umeanza kunigomea, na watoto wakiamka kwenda shule mi ndo narudi kulala. Rafiki yangu kaniambia nisomee medikali asistanti nipate cheti chake cha CMA (Certified Medical Assistant). Kuna faida kweli au nitapoteza hela tu? Alafu nikishapata si naweza kupanda niwe nesi? — Mama Wawili

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana na mgongo, huo usiuchezee.

Kwanza tuelewane jina, maana kule nyumbani zamani medikali asistanti alikuwa anatibu kabisa na kuandika dawa. Marekani sio hivyo. Hapa ni msaidizi wa daktari kliniki: unamwita mgonjwa toka mapokezi, unampima uzito na presha, unamuuliza dawa anazotumia unaziingiza kwenye kompyuta, ukiambiwa umtoe damu unatoa, ukiambiwa EKG (kipimo cha umeme wa moyo) unabandika vile vistika kumi mikononi, miguuni na kifuani, karatasi ikitoka unampelekea daktari asome yeye.

Hela nikwambie ukweli, usitegemee muujiza. Kwa takwimu za serikali za 2023, medikali asistanti wa katikati alipata kama dola 20 kwa saa na CNA kama 18, kwa hiyo tofauti ni dola mbili hivi. Faida kubwa ni maisha yenyewe: kliniki nyingi zinafungua asubuhi zinafunga jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, unalala usiku kama binadamu na hakuna kumgeuza mzee wa kilo tisini peke yako saa tisa usiku. Na kazi zipo, hiyo hiyo serikali ilikadiria zitaongezeka asilimia 15 kati ya 2023 na 2033.

Cheti chenyewe majimbo mengi sheria hailazimishi (jimbo la Washington kwa mfano wanadai usajiliwe), ila waajiri wengi wanakitaka, na ukiwa nacho hata ukihamia jimbo lingine unaanza mazungumzo ukiwa juu kidogo.

Sasa hapa nisikilize vizuri. CMA inatolewa na AAMA, chama cha medikali asistanti wa Marekani, na njia ya kawaida ya kukaa mtihani wao ni kusoma shule iliyoidhinishwa na CAAHEP au ABHES, mashirika mawili yanayokagua programu za masomo ya afya. Mi nilianza shule moja ya jioni, matangazo mazuri, nikalipa nusu ya ada, nikaja kugundua haipo kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili na hela hawakurudisha, nililia kwenye gari pakingi nusu saa nzima. Usiulize shule, ingia tovuti ya CAAHEP na ya ABHES utafute jina mwenyewe. Kuna pia cheti kingine cha medikali asistanti, CCMA, kinatolewa na shirika la NHA, hao masharti yao ni mepesi kidogo, lakini soma kwanza matangazo ya kazi ya hapo Columbus uone wanataka kipi. Na jipange, kwenye programu za CAAHEP kuna masaa yasiyopungua 160 ya mafunzo kliniki, mara nyingi bila malipo, mchana, kwa hiyo usiku utapunguza shifti utake usitake. Ukishapata, unakihuisha kila baada ya miaka mitano.

Kuhusu unesi: hapana, CMA sio ngazi ya kwenda huko. Masomo yake mara nyingi shule za unesi hazihesabu, utaanza upya. Kama moyo wako uko kwenye unesi, nenda komyuniti koleji sasa hivi uanze masomo ya LPN (nesi wa ngazi ya chini) au RN (nesi kamili), usizunguke. Kama unachotaka ni mchana, mgongo na watoto, basi CMA ni yako.

Alafu Kiswahili chako ni mali. Kliniki kwetu alikuja mama wa Kikongo, anashika kifua tu, nikamwambia jambo mama, akanishika mkono hakuuachia mpaka daktari alipoingia. Ila kutafsiri maelezo ya daktari usikubali mpaka kliniki ikupime rasmi, neno moja la dawa likikosewa ni hatari kwa mgonjwa.

Nitumie jina la shule unayoifikiria kabla hujatoa depoziti, tuitafute pamoja kwenye hizo orodha.