Upote wa upinde unaolegea asubuhi

Mkuu, umesema upinde ulioachiwa na babu yako wa Kwa Mtoro, huko Dodoma, upote wake (kamba ya kuvutia) unalegea asubuhi na mishale inakimbilia kushoto. Upote wa kano, yaani mishipa migumu ya mnyama, hunyonya unyevu. Kwa Dodoma, kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zikinyesha, lazima urefuke. Usiukate. Fungua ncha moja, usokote mizunguko michache kuelekea msokoto wake wa asili, ufunge tena. Kisha chukua nta ya nyuki, usugue kwa vidole mpaka uhisi joto, hasa pale katikati mshale unapokaa. Ukiona nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka, au sehemu imekuwa nyembamba, badilisha upote mzima. Tafadhali usiuhurumie, ukikatika umevutwa unaweza kukutoa jicho au kuvunja mti wa upinde wenyewe.

Kuhusu kushoto, anza na mshale. Uweke ncha juu ya ukucha wa gumba, uzungushe kwa vidole vya mkono wa pili. Ukitetemeka, umepinda. Upashe juu ya makaa, siyo kwenye moto unaowaka, uunyooshe taratibu na uushikilie hadi upoe. Angalia na manyoya pia: yote yatoke bawa la upande mmoja, la kanga linafaa sana.

Ukimaliza, legeza upote kabla ya kuutundika upinde. Na usivute ukaachia bila mshale, hata kwa kujaribu.

Lenga shabaha tu, kuwinda kunahitaji kibali.