Laini mbili za intaneti, mbona tovuti bado inazimika?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tovuti ya biashara yetu iko kwenye seva yetu wenyewe, hapa ofisini. Baada ya faiba kukatika na kutukosesha oda za siku nzima, nilinunua ruta ya laini mbili nikaongeza intaneti ya simu iwe akiba. Juzi faiba imekatika tena. Sisi ofisini hatukuhisi kitu, lakini wateja hawakuipata tovuti. Aliyeniuzia ruta anasema ninunue kubwa zaidi. Nifanyeje?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Ruta yako ni nzima na imefanya kazi yake: imewahamishia njia ya kutoka. Tovuti inahitaji njia ya kuingia, na hilo wauzaji wengi hawalisemi.

Mteja akiandika jina la tovuti yako, DNS, yaani daftari la intaneti linalogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba (IP), humpa anwani ya faiba. Laini ya simu ina anwani nyingine kabisa. Mlipohamia huko hakuna aliyewaambia wateja, wakaendelea kubisha hodi kwenye nyumba mliyokwisha kuihama.

Sasa fungua ukurasa wa hali ya ruta, utazame anwani ya upande wa simu. Ikianza na 10, au ikianza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, basi kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kutoka mnatoka, lakini wa nje hakufikii. Hata ufungue porti (milango ya kuingilia) zote za ruta yako, kizuizi kiko kwao, na ruta kubwa zaidi itakikuta palepale.

Wengine watakwambia uweke anwani zote mbili kwenye DNS. DNS ya kawaida haijui laini ipi iko hai, kwa hiyo baadhi ya wateja wataendelea kupelekwa kwenye ile iliyokufa. Kuibadilisha rekodi ya DNS faiba inapokatika kunafaa pale tu laini ya pili ina anwani ya umma, yaani inayofikika kutoka nje, na TTL (muda ambao jibu la DNS huhifadhiwa kabla ya kuulizwa upya) ulikwisha kuishusha mapema, tuseme hadi sekunde 300. Ikiwa ni 86400, anwani ya zamani inaweza kukaa kwenye kumbukumbu za watu siku nzima, na kuishusha faiba ikiwa tayari imekatika ni kuchelewa.

Kwa hali yako, kodi seva ndogo kwenye kituo cha data, yenye anwani ya umma isiyobadilika, na DNS ielekeze huko. Kisha seva ya ofisini ifungue njia ya VPN, yaani handaki la siri ndani ya intaneti, kwenda kwenye hiyo, na wateja wapitie humo kuifikia tovuti. Mimi hutumia programu ya VPN iitwayo WireGuard, na PersistentKeepalive (kila baada ya sekunde ngapi itume ishara ili njia isifungwe) naiweka 25. Kwa kuwa muunganisho unaanzia kwako kwenda nje, kile kizuizi cha kampuni ya simu hakiugusi. Faiba ikikatika, pakiti zinapita kwenye simu, seva ya nje inaona zinatokea anwani mpya na kujibu huko huko. Mteja atasubiri kidogo tu. Ila ukishaikodi, jiulize kwa nini tovuti yenyewe isihamie huko moja kwa moja. Wengi hawana sababu ya kuibakiza ofisini.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni lile jaribio la fundi: anachomoa waya wa faiba, anafungua ukurasa wowote kwenye kompyuta ya ofisini, anasema "umeona?", kisha anadai malipo. Amepima intaneti yako, hajapima tovuti. Jaribio la kweli ni simu iliyozimwa Wi-Fi, inayotumia data ya kampuni nyingine, ikifungua tovuti yako wakati faiba imechomolewa. Tena ichomolewe upande wa nyuma ya modemu, faiba yenyewe, siyo waya kati ya modemu na ruta. Ruta nyingi huiona modemu inawaka zikadhani laini ni nzima, hadi uziagize zipime anwani iliyo mbali. Fundi akikataa kufanya jaribio hilo mbele yako, usimlipe.

Na kabla hajaondoka, zima umeme wa jengo. Nimekuta seva iko kwenye UPS (betri ya akiba) huku modemu imechomekwa ukutani.