Maswali na Majibu: Utamaduni, Lugha na Dini Katika Jiografia ya Binadamu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanafunzi, mwalimu mmoja na msomaji wa Kwale, na yote yanagusa sura moja ya jiografia ya binadamu. Nimeyajibu kwa mifano ya pwani yetu na bara lake, kwani wengi wanakariri istilahi za sura hii bila kuziona zikifanya kazi mahali wanapoishi.

Tunafundishwa kwamba utamaduni una mandhari yake. Utamaduni ni mila na desturi. Vipi uwe na mandhari? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

Mandhari ya kitamaduni ni sura ya nchi baada ya mkono wa binadamu kupita juu yake. Aliyeipa dhana hii uzito ni Carl Sauer, mwanajiografia wa Marekani, ambaye mwaka 1925 alieleza kwamba utamaduni ndio mtendaji, mazingira ya asili ni malighafi, na mandhari tunayoiona ni matokeo ya hayo mawili.

Tazama nyumba ya mawe katika mji wa kale wa Lamu. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na dari limebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haihimili dari pana, vyumba vimekuwa virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita 3 au pungufu. Hadi hapo mazingira ndiyo yaliyoamua. Lakini si mazingira yaliyomwamuru fundi aweke daka mlangoni, lenye baraza za mawe pande mbili, ambapo mgeni mwanamume huketi na kuzungumza bila kuvuka kizingiti. Wala si mazingira yaliyopanga vyumba kimoja nyuma ya kingine hadi ndani kabisa, ambako ni kwa watu wa nyumba. Hayo yametokana na stara, yaani maadili ya dini na ya jamii yaliyogeuka kuwa ukuta. Wakataji wa mikoko wa delta ya Rufiji walisafirisha boriti za namna hiyo kwa majahazi hadi Uarabuni, na wengi wao wenyewe wakaendelea kuishi katika nyumba za udongo. Mti ni ule ule, mandhari ni tofauti. Ukikutana na swali la mtihani linalodai kwamba mazingira huamuru utamaduni, mfano huu unatosha kulipinga.

Naomba tofauti kati ya usambaaji wa kuhama na usambaaji wa kupanuka. Vitabu vinatoa mifano ya Ulaya tu. (Mwalimu, Tanga)

Katika usambaaji wa kuhama, watu huondoka na utamaduni wao na kuupeleka wanakokwenda. Wahindu waliohamia Unguja na Mombasa walijenga mahekalu na kudumisha ibada zao, lakini majirani zao hawakuifuata dini hiyo. Ilisafiri pamoja na watu wake, na ikabaki kwao. Katika usambaaji wa kupanuka, jambo huongeza wafuasi huku likibaki hai kwenye chimbuko lake. Upanuzi huo waweza kupita kwa ngazi, kutoka kwa wakubwa au miji mikubwa kwenda chini, au kwa kuambukizana, jirani kwa jirani, kama Torsten Hägerstrand wa Sweden alivyoonyesha mwaka 1953 alipochunguza jinsi wakulima walivyopokea mbinu mpya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni taarabu. Inasimuliwa Unguja kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki, na aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Wakati huo nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na muziki wenyewe ulikuwa wa jumba la kifalme na watu wa tabaka la juu. Huo ni usambaaji wa ngazi, tena uliokwama kwenye ngazi ya juu. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba huko Unguja, aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akarekodi santuri huko Bombay. Kuanzia hapo taarabu ilisikika kwa watu ambao jumba lile wasingeliingia kamwe. Lugha ilipobadilika, ngazi ikageuka kuwa maambukizano. Kisha Tanga ikaongeza hatua nyingine: kikundi cha Black Star na wenzao walilichukua wazo lile wakalipiga kwa magitaa ya umeme, na taarabu ya Tanga ikawa na ladha yake yenyewe. Wanajiografia huita huo usambaaji wa kichocheo, kwa sababu wazo hupokelewa na umbo lake hubadilishwa. Mwalimu, sehemu zote za somo lako zimo katika kisa hiki, na wanafunzi wako wanaweza kuwauliza wazee wa mtaani.

Kimvita kinaishia wapi, na Kiunguja kinaanzia wapi? (Msomaji, Mombasa)

Hakuna mstari mmoja wa kuonyeshwa. Wanaochunguza lugha kwa ramani huchora isoglosi, yaani mstari unaotenga eneo linalotamka jambo kwa namna moja na eneo linalolitamka kwa namna nyingine. Mvita, yaani Mombasa, husema *ndia* na *mato*, Unguja husema *njia* na *macho*. Lamu pia husema *ndia* na *mato*, lakini huongeza *moya* na *mai* pale Mvita na Unguja wanaposema *moja* na *maji*. Ukizichora isoglosi hizo mbili, hazitalaliana: moja inawaweka Mvita pamoja na Lamu, nyingine inawaweka pamoja na Unguja. Mpaka wa lahaja ni eneo ambako isoglosi nyingi zinasongamana, si uzio. Kuhusu kwa nini Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, jibu ni la kiutawala: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua, ingawa wamisionari wa Mombasa walikuwa wakikitetea Kimvita. Ubora wa lahaja hauna nafasi katika jibu hilo.

Je, Sheng ni krioli? (Mwanafunzi, Nairobi)

Hapana. Krioli huzaliwa pale pijini, lugha ya dharura kati ya watu wasioelewana, inapokuwa lugha ya kwanza ya watoto. Sheng imesimama juu ya sarufi ya Kiswahili. Krioli halisi unayo jirani yako Kibera: Kinubi, chenye msingi wa Kiarabu, kilicholetwa na wazao wa askari waliotoka Sudan, na ambacho husemwa pia Bombo nchini Uganda.

Tumeambiwa kuna dini za ulimwengu wote na dini za jamii maalumu. Sisi Wadigo ni Waislamu, na bado tuna kaya. Tuwekwe upande gani? (Msomaji, Kwale)

Mgawanyo huo unahusu dini, hauhusu watu. Uislamu, Ukristo na Ubudha hualika kila mtu; dini ya jamii maalumu hufungamana na ukoo na ardhi yake. Kaya, yaani msitu mtakatifu wa mababu, ni mfano bora wa aina ya pili, kwa kuwa utakatifu wake uko msituni, mahali maalumu, na haubebeki kupelekwa kwingine. Mwaka 2008 UNESCO iliorodhesha misitu ya kaya za Mijikenda, ambao Wadigo ni miongoni mwao, katika urithi wa dunia. Anayeingia Kaya Kinondo hufungwa kitambaa cheusi kiunoni na kuelezwa yasiyoruhusiwa. Mdigo anaweza kuswali akielekea Makka na bado akauheshimu msitu wa mababu zake. Rangi moja kwenye ramani ya dini inayafuta mambo kama haya, na ndiyo sababu ninazitilia shaka ramani za aina hiyo.

Lugha ndogo hufa kwa sababu gani hasa? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Mara nyingi maisha ndiyo hubadilika kwanza, lugha ikafuata. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo nchini Kenya walikuwa wawindaji na wafuga nyuki, na mahari yao yalilipwa kwa mizinga. Walipozidi kuoana na wafugaji wa Kimaasai, mahari yakawa ng'ombe. Mwenye mizinga peke yake hakuweza tena kuoa, wala kumpata mume wa binti yake kwa masharti ya zamani. Katika muda wa vizazi vichache walikuwa wafugaji wanaosema Kimaasai.

Wewe uko karibu na mahali pazuri pa kuchunguza. Kondoa na Chemba zina Kirangi cha Kibantu, Kiburunge na Kialagwa vya Kikushi, Kisandawe chenye vidoko (sauti za kugonga ulimi), na Kinailoti cha Wamaasai na Wadatoga. Ni maeneo machache sana Afrika yaliyo na mchanganyiko huo. Kabla hujahesabu wasemaji, uliza watoto wanacheza kwa lugha gani, bei sokoni inapatanwa kwa lugha gani, na mahari yanalipwa kwa kitu gani.