Jibu: Hadithi inayosimuliwa kinyumenyume

Ndugu, umeuliza ufanye nini na mswada wako wa filamu unaoanzia mazishini na kurudi nyuma hadi harusini, baada ya wasomaji wawili kukuambia kwamba hawakuuelewa. Nakusihi usiunyooshe kwa sababu hiyo tu. Hadithi inayorudi nyuma humwondolea mtazamaji swali la nini kitatokea na kumpa swali la kwa nini kilitokea, kwa hiyo kila onyesho lazima lijibu jambo ambalo onyesho lililotangulia liliacha wazi. Andika kila onyesho kwenye kadi yake, zipange kadi hizo kwanza kwa mfuatano halisi wa matukio, kisha zigeuze, ukijiuliza katika kila kiungo, yaani pale onyesho moja linapoungana na jingine, mtazamaji anajua nini wakati huo. Kama mjane anaonekana mazishini bila pete, basi mkono wake uonekane vizuri, maana pete hiyo ndiyo itakayotuongoza baadaye.

Kuhusu kutafuta fedha za kutengenezea filamu hiyo, maelezo ya mdomo hayatoshi. Rekodi video ya dakika tatu yenye kiungo kimoja kigumu, uwaonyeshe watayarishaji. Uchache wa vifaa nao usikutishe. Chris Marker, mtengenezaji filamu Mfaransa, alitengeneza filamu fupi La Jetée mwaka 1962 karibu yote kwa picha za mnato, na mwanamke aliyelala anapofumbua macho, katika sekunde chache pekee zenye mwendo, mtazamaji hushtuka kana kwamba hajawahi kuona jicho likifumbuka.